Jinsi nilivyolisimamia jalada la kijana wetu aliyepotelea ugenini

Kijana wa familia yetu alitoka kwenye hosteli alikofikia, nchi ya mbali, na mpaka leo hajulikani alipo. Kazi ya jalada niliibeba mimi. Niliipanga kwa kanuni moja: kinachofutika mapema kifuatwe kwanza, hata kama kingine kinaonekana kizito zaidi.

Picha za kamera za usalama ndizo hufutika mapema. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Ukiomba nakala, wenye kamera hukataa kwa sababu ya faragha, na mara nyingi sheria iko upande wao. Kwa hiyo sikuomba nakala. Niliomba wazihifadhi mpaka polisi wazifuate. Barua ilitaja kamera iliko, tarehe, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi kwa saa za pale, na namba ya taarifa ya polisi. Omba pia waandike saa ya mtambo inapishana kiasi gani na saa halisi. Kupishana kwa dakika kumi kunatosha kumpandisha mtu basi ambalo hakulipanda.

Mizigo aliyoiacha ipigwe picha ilivyo kabla haijaguswa: pasipoti ipo au haipo, chaja, dawa. Mswaki na kitana huwekwa kwenye bahasha za karatasi, kila kimoja na yake. Plastiki hufungia unyevu na vinasaba (DNA) huharibika. Nguo zisifuliwe, hata mama akisisitiza.

Simu ndiyo hupotosha watu zaidi. Laini yake isifungwe. Iwekewe salio, kwa sababu namba iliyolala muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine. Msibahatishe nywila zake, maana akaunti hujifunga na majaribio yenu huchanganyika na nyayo zake. Vema mbili za WhatsApp hazithibitishi kwamba simu yake iko hewani: zinaweza kutokana na kompyuta iliyounganishwa na akaunti yake. Kilicho na thamani kwa polisi ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, ambayo huwa kwenye boksi la simu. Kumbukumbu za minara ya simu hupewa polisi, si familia.

Kwenye taarifa ya benki, tarehe ya muamala kuingizwa si lazima iwe siku kadi ilipotumika. Malipo yanayoonekana siku mbili baada ya mtu kupotea yanaweza kuwa ya chakula alichokula kabla. Uliza benki saa kamili ya matumizi, na kanda ya saa inayofuatwa. Ratiba yangu yote ya matukio niliiandika kwa mtindo wa saa 24, maana “saa mbili usiku” ya ndugu, ikipita kwa mkalimani, huweza kuandikwa 02:00 badala ya 20:00. Kila mstari ulionyesha chanzo chake: hati, shahidi, au uvumi.

Taarifa za polisi zinatakiwa mbili, ya pale alipoonekana mwisho na ya nyumbani, na hakuna sababu ya kungoja saa 24 kwanza. Familia haiwezi kuomba Notisi ya Njano, yaani tangazo la mtu aliyepotea linalotolewa na Interpol, shirika la polisi la kimataifa. Polisi huiomba kupitia ofisi ya Interpol ya nchi. Baadhi ya notisi hizi hubaki kwa polisi tu, basi kutoiona kwenye tovuti hakumaanishi haipo. Ulizeni.

Ubalozi haupelelezi. Kazi yake ni kuwasukuma polisi wa pale, kuulizia hospitali na magereza, na kutoa orodha ya mawakili na wakalimani. Wengi hudhani kijana angekuwa mahabusu ubalozi ungejua. Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36, unadai ubalozi ujulishwe iwapo mtuhumiwa mwenyewe ataomba. Asipoomba, kimya kinaweza kuwa halali. Kwa hiyo nililitaja gereza waziwazi kwenye barua, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na tahajia zote za jina, majina yakiwa yamegeuzwa mbele nyuma. Chumba cha maiti nacho hivyo hivyo. Ni swali chungu, lakini asiyeuliza hajibiwi.

Matapeli watakuja. Alama moja ya mwilini haikutangazwa popote, na namba ya kwenye tangazo ilikuwa mpya, si ya mzazi. Anayedai yuko naye aliulizwa jambo ambalo kijana pekee angelijua, kabla ya neno lolote la fedha. Zawadi nono sikuiafiki. Huleta simu nyingi na taarifa chache.

Vinasaba vya wazazi wote wawili vichukuliwe mapema, kupitia polisi, wakiwa hai na wenye afya. Kaka au dada peke yake hutoa ulinganisho dhaifu. Tangu 2021 Interpol ina I-Familia, hifadhidata inayolinganisha vinasaba vya ndugu na miili isiyotambuliwa ya nchi nyingine. Rekodi za meno nazo ziombwe kabla kliniki haijaziharibu kwa kupitwa na muda.

Wapelelezi hubadilishwa. Kila anapoingia mpya nampelekea muhtasari wa kurasa mbili na maswali matatu: notisi bado iko hai? Vinasaba vimeingizwa? Picha za kamera tulizoomba zihifadhiwe, nani alizichukua?