Siku moja maishani mwangu: mimi na nguzo za umeme kwenye kempu ya RV, Texas

Nikisema nafanya kazi kempu, ndugu zangu huko nyumbani wanadhani ni kambi ya wakimbizi. Ni kempu ya magari-nyumba, haya wanayoita RV, gari lina kitanda, jiko, bafu, kila kitu humohumo. Watu wanakuja kupaki hapa kando ya Lake Texoma mpakani na Oklahoma, wanavua samaki wiki nzima. Mi nashughulika na mabomba, majani, geti bovu, lakini siku nyingi umeme ndo unakula muda. Basi hii ndo Ijumaa yangu ya wiki iliyopita, mwezi wa saba, joto kama kawaida ya Texas.

Saa 12 asubuhi. Kuna kahewa kidogo bado kwa hiyo nazungukia saiti, yaani sehemu za kupaki gari, zilizo wazi. Kila saiti ina kinguzo cha umeme chenye soketi tatu, ya amperi 20 ambayo ni ya kawaida, ya 30 yenye matundu matatu, na ya 50 yenye matundu manne, kila moja na breka yake, ile swichi inayojikata mzigo ukizidi. Kifuniko nafungua kwa kijiti, maana sisimizi moto wa huku wanapenda mno kujenga ndani ya boksi za umeme, na nyigu nao hawako mbali. Halafu multimita, kile kipima umeme. Ya 30 natakiwa nione kama volti 120 kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), 120 tena kati ya laivu na ethi (waya wa usalama), na nyutro kwa ethi karibu na sifuri. Ya 50 ina laivu mbili, kila moja 120 ukipima na nyutro, ila laivu kwa laivu ni 240. Sisi tuliozoea 230 kwenye soketi ya sebuleni hapo mwanzoni lazima kichwa kituume.

Watu wananicheka, eti soketi mpya inang'aa unaipimia nini. Napima kwa sababu ya nyutro. Kwenye ile ya 50 nyutro ikilegea au ikikatika, zile 240 zinagawana ovyo kulingana na vitu vilivyowashwa, upande mmoja unaweza kupata 80 na mwingine 160, na huo wa 160 ndo wenye TV yako na maikrowevu. Soketi haitakuambia hilo kwa kuitazama. Kuna mteja mmoja yeye balaa lilimkuta nyumbani kwake kabisa, alimwita fundi amfungie soketi ya 30 ya RV, fundi kuona matundu matatu na amperi 30 akajua ni ya mashine ya kukaushia nguo, akampa 240. Kuchomeka tu, chaja ya betri, maikrowevu, vyote kwaheri.

Saa 4. Wanaoondoka wanafungasha. Hapa nashinda napiga kelele: zima vitu ndani kwanza, zima breka ya kwenye nguzo, ndo uchomoe, tena shika plagi yenyewe usivute waya. Wanaitikia vizuri halafu wanachomoa hivyohivyo AC ikiwa inanguruma. Cheche ikipiga kila mara meno ya plagi yanakuwa meusi, yanashika vibaya, yakishika vibaya yanapata joto, joto linalegeza soketi zaidi, na mwisho plastiki inayeyuka. Leo nimekuta soketi ya 30 imebabuka kabisa upande mmoja. Nimezima breka, nikaifunga kwa kufuli, nikabandika karatasi USITUMIE na kupiga simu ofisini waite fundi mwenye leseni, kwa sababu kufungua nyaya za nyuma siyo kazi yangu na sitaki iwe.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama, wali wa jana.

Saa 8 mchana. Nje ni kama nyuzi 39 na kila gari limewasha AC, mengine mbili mbili. Mzee mmoja wa saiti za mwisho kaja juu, kasema kisanduku chake cha kulinda umeme kibovu, kinamkatia AC kila baada ya muda. Nimeenda kupima, volti 103! Kisanduku hakina kosa bwana, vingi vya aina hiyo vimewekwa vikate umeme ukishuka chini ya 104, au ukipanda juu ya 132. Kompresa ya AC ikikosa volti inalazimika kuvuta amperi nyingi zaidi, inachemka, na kompresa mpya ni pesa ndefu. Nimemwambia mzee hicho unachokilaani ndo kinachokuokoa. Tumezima AC yake moja, hita ya maji tukaihamishia kwenye gesi, na majirani zake wawili wakakubali kupunguza, ikapanda hadi 109. Kwa maoni yangu tatizo ni laini yenyewe, kempu nyingi za zamani zilijengwa wakati gari lina taa na feni tu, sasa hivi mtu anakuja na jumba. Bosi anajua, nimeshamwambia, na nitamwambia tena.

Saa 10. Limeingia gari la kukodi, nasikia Kiswahili dirishani! Familia ya Kitanzania kutoka Dallas, wamemleta mama yao katoka Moshi kuwatembelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kumbe mpo hadi porini huku!"

Kijana wake tayari kashavuta waya anaenda nao kwenye nguzo. Nikamwambia kaka subiri kwanza usichomeke. Akasema si soketi tu kaka. Basi tukaanza pamoja: breka ya nguzo OFF, AC na kila kitu ndani OFF, tukakagua meno ya plagi kama hayana weusi, nikawasha breka nikapima, 116, safi, nikazima tena, tukachomeka upande wa gari na kuuzungusha mpaka ukaji-loki, halafu upande wa nguzo tukasukuma mpaka mwisho, ndo breka ON, mwishoni kabisa AC. Waya uliobaki alitaka kuuviringisha vizuri chini ya gari, nikamkataza, waya ukiviringwa huku unabeba mzigo mkubwa unajipikia joto lake wenyewe, utandaze tu, na viungio visilale kwenye majani yenye maji.

Kisha hesabu. Amperi 30 mara volti 120 ni wati 3,600, ndo zako zote. AC yake inakula kama amperi 13, hita ya maji ya umeme kama 12, maikrowevu 12 hivi, na birika la umeme la wati 1,500 ni 12 na nusu. Ukiwasha AC chagua kimoja tu cha kuongezea. Akaniuliza mbona soketi ya 50 iko palepale, akitumia adapta? Nikamwambia adapta itaingia, lakini gari lako bado ni la 30, breka yake ya ndani ni ileile.

Saa 12 jioni. Hii ndo iliyonitia jasho. Binti katoka kuogelea, peku, kalowa, kashika mlango wa trela yao akatekenywa na umeme. Nimezima breka yao kabla hata ya kuwasalimia. Baba yake anabisha, anasema yeye kashika mlango ule siku nzima, kumbe alikuwa na viatu vya raba. Na aliye ndani ya gari hasikii kitu, anayeumia ni yule miguu iko kwenye ardhi yenye maji na mkono uko kwenye bati. Nikafuata waya, nikakuta ekstensheni nyembamba ya nyumbani, pini ya ethi imekatika. Bila ethi, umeme wowote unaovuja ndani unakaa kwenye bati la gari unasubiri mtu. Tukaweka waya wa RV wenye ethi nzima, nikawasha, nikasogeza ile testa ya kalamu inayolia ikikuta umeme kwenye bati, kimya. Hata hivyo nimewaambia huo uvujaji una chanzo ndani ya trela, wakakaguliwe. Ekstensheni nimeikata vipande viwili mbele yao, baba akanuna.

Saa 3 usiku niko kitandani, simu. Yule kaka wa Dallas, breka imeruka. Mama kachemsha maji ya chai kwa birika la umeme huku maikrowevu inapasha wali na AC iko juu. Zima vyote kwanza ndo urudishe breka, afu shika plagi, vuguvugu sawa, ikiwa ya moto uniite. Ilikuwa vuguvugu. Chai ikahamia kwenye jiko la gesi. Akaniuliza anunue kifaa gani safari ijayo, nikamwambia kama bado utakodi, tafuta multimita ya bei poa na kalamu ya kupimia bati, siku ukinunua gari lako ndo uchukue kisanduku kinachokata umeme chenyewe, cha 30 kwa gari la 30, siyo zile za bei chee zinazozuia tu umeme unaopanda ghafla.