Kijani cha Ukingoni

Ilikuwa Februari, joto la Dar es Salaam limepamba moto, na kiyoyozi cha maabara hakizimwi. Tulikuwa tukipima kingamwili zinazoshambulia viini vya seli, kwa slaidi za HEp-2, yaani zilizopandikizwa seli za binadamu zilizokuzwa maabara. Chini ya hadubini, kontroli hasi, yaani seramu (majimaji ya damu) isiyo na kingamwili hizo, ikawaka kijani. Majibu yote ya siku ile yakazuiwa, na ndivyo inavyopasa: kontroli hasi ikiwaka, trei nzima haiaminiki.

Mwenzetu mmoja akataka kuzimua zaidi konjugeti, yaani kingamwili iliyofungwa fluoresini, rangi inayong'aa kijani. Dada aliyesimamia zamu akamzuia: "Subiri, mdogo wangu. Tazama kwanza inawaka wapi."

Konjugeti ikizidi, kisima kizima, yaani kiduara cha slaidi kinachowekwa tone la sampuli, huwa na ukungu wa kijani. Ikiwa imejikusanya, unaona nukta kali zilizotawanyika. Hiyo huzungushwa kwenye sentrifuji kabla ya kutumiwa. Hapa kijani kilikuwa ukingoni mwa visima tu, katikati shwari. Slaidi zilikuwa zimekauka: tone likipungua maji, protini hung'ang'ania pembeni na kuosha hakuzing'oi. Nje hewa ya Dar imejaa unyevu wa bahari, lakini kiyoyozi huukamua, na upepo wake ulikuwa ukipiga meza yetu moja kwa moja.

Tukajaribu slaidi mbili kwa seramu ileile, iliyozimuliwa 1:80, mikrolita 30 kila kisima. Moja ikabaki mezani. Nyingine ikaingia kwenye boksi lenye mfuniko, chini tumetandika karatasi iliyoloweshwa: dakika 30 za seramu, kisha 30 za konjugeti, gizani. Katikati tuliosha kwa bafa ya fosfeti mara mbili, dakika 5 kila mara, bila kuelekeza mkondo juu ya visima, maana huhamisha seramu ya mgonjwa huyu kwenda kwa yule. Kisha slaidi moja ikafutwa kingo na kuwekewa konjugeti papo hapo, ndipo ya pili ikaguswa. Ukifuta zote kwanza, ya mwisho hukauka ikikungoja; kosa hili nimeliona katika maabara nyingi kuliko la kukosea kiasi cha dawa za maabara.

Ya mezani ikawaka ukingoni tena. Ya boksini ikawa safi.

Sampuli za wagonjwa zikarudiwa mchana uleule, zote boksini. Pakiti za slaidi zilizotoka kwenye friji hazikufunguliwa hadi zilipofikia joto la chumba, kwa sababu pakiti ikipasuliwa ikiwa baridi, mvuke hutua juu ya seli na kuziharibu kabla kazi haijaanza.