Pumzi Ishirini kwa Kila Mgonjwa

Leo nimepitia chati za wodini na kukuta wagonjwa wote waliopimwa na mwanafunzi mmoja wanapumua mara 20 kwa dakika. Bibi mwenye nimonia 20, kijana wa ajali ya bodaboda 20, mama wa kisukari 20. Vipimo vya kupika. Yule bibi nilimhesabu mwenyewe kwa dakika nzima, nikapata 34. Daktari ameitwa, bibi amewekewa oksijeni.

Binti huyo mwanafunzi nilimwita pembeni. Mpole, ametokea Tukuyu, yuko mwaka wa pili. Nilitegemea aseme alichoka, au baridi hii ya Mbeya ilimshinda. Akasema: "Sista, nilihesabu. Yule bibi nilipata thelathini na kitu, nikajua nimekosea, nikaandika 20. Waliofuata sikuwahesabu tena."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Alipata jibu sahihi akalitupa, kwa sababu lilikuwa lake.

Tumezoea kusema wanaodesa, yaani wanaonakili majibu au kuyapika, ni wavivu. Wavivu wapo, siwatetei. Lakini wengi ninaowaona fildi wana hofu: hofu ya sapu (mtihani wa marudio), hofu ya kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) wakati nyumbani wameuza viazi ili ada ilipwe, hofu ya kufokewa mbele ya mgonjwa. Hilo la mwisho ni letu sisi wauguzi, na linaniuma.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kufanya jambo fulani. Kuona wenzako wakiweza kunasaidia, kutiwa moyo kunasaidia, hata mwili kutotetemeka kunasaidia, ila chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kulifanya jambo mwenyewe ukafaulu. Ndiyo maana kudesa kunawaumiza hasa wale wasiojiamini. Aliyefaulu hesabu za dozi kwa kutazama karatasi ya jirani hajui kama angeweza peke yake, na mtihani unaofuata anauingia na hofu kubwa zaidi.

Halafu siku moja yuko zamu ya usiku, mama analetwa na kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti iliyopo ni ya asilimia 50: mililita 10 zina gramu 5. Anahitaji gramu 4 za kuanzia kwenye mshipa, kwa hiyo achukue mililita 8, aongeze maji ya sindano mililita 12, asukume taratibu. Jirani wa kumdesa hayupo. Na kabla ya kila dozi inayofuata lazima ahesabu pumzi, kwani dawa hiyo ikizidi mwilini hudhoofisha upumuaji. Zikishuka chini ya 16 kwa dakika, dozi haitolewi. Akiandika 20 ya kupika hapo, anaweza kumuua mama wa watu.

Nimewaambia wanafunzi wa zamu yangu: usipokuwa na uhakika, acha nafasi wazi uniite, tutahesabu wote, kila mmoja na saa yake, tuandike kabla ya kuonyeshana. Sitamfokea mtu. Mwenzangu mmoja anaona nawadekeza. Simlaumu, tulifundishwa kwa ukali, na yeye ni muuguzi mzuri sana. Lakini ukali wangu nitaubakiza kwa anayejaza chati bila kumsogelea mgonjwa, na huyo jina lake litafika kwa mkufunzi siku hiyohiyo.