Grafini ndani ya plastiki: kazi iko katika kuchanganya

Polistirini, plastiki inayotengenezewa vikombe vyepesi vya kutupa, haipitishi umeme, na nilipoanza kuitia grafini, aina ya kaboni, maabara niliamini kwamba kazi yote ni ya kipimo: ukizidisha unga mweusi, umeme utapita. Niliyeyusha polistirini kwa joto, nikachanganya grafini mpaka asilimia 5 ya uzito, nikaubana mchanganyiko ukawa kisahani cheusi tii. Lakini nilipogusisha ncha za multimita, yaani kipima umeme, pande zote mbili, umeme haukupita. Nilikivunja na kukitazama kwa lenzi. Grafini ilikuwa imejikusanya mabuje, kama uji uliokorogwa kwa pupa.

Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, na tando hizo huvutana sana, kiasi kwamba zikiachwa zikaribiane hupandana tena na kuelekea kuwa grafiti ya kawaida, kaboni ile ya kwenye penseli. Umeme unahitaji tando zilizotawanyika zikagusana, au zikakaribiana kwa nanomita chache tu, kutoka ukingo mmoja wa kisahani hadi mwingine. Buje moja, hata likiwa kubwa, halifikishi mkondo popote.

Ndiyo maana nayathamini sana matokeo ya mwaka 2006 ya kundi la Rodney Ruoff katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Walianza na oksidi ya grafiti, yaani grafiti iliyoungana na oksijeni, wakaibadilisha kikemikali ili itawanyike katika kiyeyushi kilekile kinachoyeyusha polistirini, na baada ya plastiki kuwamo tayari ndipo wakaiondolea oksijeni, ambayo huzuia elektroni kutembea. Mpangilio huo wa hatua ndio siri yenyewe: oksijeni ikiondolewa kabla, tando hushikamana, ikiondolewa baadaye, minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za plastiki, imekwisha kuingia kati na kuzitenganisha. Mtandao wa umeme ulianza kuungana grafini ilipofika takriban asilimia 0.1 ya ujazo, na kwa asilimia 1 upitishaji ulifika takriban simensi 0.1 kwa mita (simensi ni kipimo cha wepesi wa umeme kupita), kiwango kinachotosha kwa matumizi mengi, kwa mfano kuondoa umeme tuli.

Mimi nilichukua njia nyingine, rahisi zaidi. Nilitawanya grafini katika ethanoli, ambayo haiyeyushi polistirini, nikazipaka punje za plastiki mpaka kila moja ikawa nyeusi, nikazikausha, kisha nikazibana kwa joto la kuzilainisha bila kuzikoroga. Grafini ilibaki mipakani mwa punje, kama udongo katikati ya matofali, na safari hii, kwa kiasi kidogo kuliko kile cha mwanzo, multimita ilisoma ukinzani unaopimika, yaani umeme ulipita.

Hata hivyo kisahani hicho kilikatika kirahisi, na kilikatika kwenye mipaka hiyo hiyo, mahali palepale umeme unapopita. Sasa ninapandisha joto la kubania kidogo kidogo, nikitafuta mahali ambapo punje zitashikana vizuri kabla plastiki haijatiririka na kuuvuruga mtandao.