Kumbukumbu ya mradi: seva ya nakala Dodoma, umeme ukirudi nayo irudi

Lengo ni dogo kulitamka: picha za simu nne na nyaraka za laptopu mbili ziwe na nakala hapahapa nyumbani, mtaa wa Kisasa, bila kula bando. Sharti lililoamua mengine yote ni umeme. Ukatike saa yoyote, urudi saa yoyote, na seva irudi kazini bila mtu kuigusa. Maelekezo mengi ya kazi hii yanadhani umeme upo tu, ndiyo maana hapa sehemu ya umeme ni ndefu kuliko ya programu.

Vilivyotumika: Raspberry Pi 4 ya GB 2 (kompyuta ndogo ambayo ndiyo seva, hapa chini Pi), kava la alumini lisilo na feni, kadi ya kumbukumbu ya GB 32 ya aina inayouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, diski ya nje ya TB 1 ya inchi 2.5, saplai ya volti 13.8 yenye sehemu ya kuchaji betri (zile za kengele na mageti), betri kavu ya 12V 7Ah, kishusha volti cha 5V 5A, kikata-betri chenye namba za kuonyesha volti (hukata mzigo betri ikishuka mno), moduli ya saa ya DS3231, optokapla PC817 (hupitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana), rizista ya kiloomu 1 na multimita. Pi 5 ina kasi zaidi, lakini chaja yake kamili ni ya ampea 5, na ukiipa ya ampea 3 hubana milango yote ya USB ibaki na miliampea 600. Kwa diski inayozunguka, hiyo haitoshi. Pi 4 hutoa ampea 1.2 kwa milango yote minne.

Wiki ya 1: diski na waya

TB 1 ikiuzwa kwa bei ya flashi, ujue ni flashi iliyovalishwa kava la diski. Kabla ya kuweka hata picha moja:

`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sda`

Hufuta kila kitu na kukwambia ukubwa wa kweli. Kisha `smartctl -d sat -a /dev/sda`: mstari wa 5 na wa 197 (sehemu mbovu za diski) viwe sifuri. Wa 199 ukipanda, shuku waya wa data kabla ya kuilaumu diski.

Umbizo ni ext4. NTFS na exFAT hazitunzi umiliki na ruhusa za faili kwa namna Linux inavyotaka. `mkfs.ext4 -m 0 -L akiba /dev/sda1`; hiyo `-m 0` hurudisha asilimia 5 ambayo mfumo hujiwekea na ambayo diski ya data haiihitaji.

Tatizo la kwanza lilijitokeza ndani ya saa moja. Diski inalia tik-tik, inapotea, inarudi, na `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) imejaa maneno ya USB kujiwasha upya. Sababu huwa mbili, na zinafanana kwa dalili.

Ya kwanza ni waya wa chaja. Nyaya nyingi za bei ya chini ni AWG 28 (namba ikipanda, waya ni mwembamba zaidi), ukinzani wake karibu omu 0.21 kwa mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 1 ni omu 0.42. Pi na diski zikivuta ampea 2, volti 0.85 zinaishia njiani. Chaja inatoa 5.1, Pi inapokea 4.25, na kizingiti chake cha kulalamika ni 4.63. Waya wa AWG 18 wa urefu huohuo hupoteza chini ya volti 0.1. Kipimo: `vcgencmd get_throttled`. Jibu zuri ni 0x0. Ukiona 0x50000, volti zilishuka wakati fulani tangu iwashwe. 0x50005, zimeshuka sasa hivi.

Ya pili ni kichipu cha kava la diski. Baadhi havielewani na UAS, njia ya haraka ya kuhamisha data kwa USB. `lsusb` hukupa namba ya kifaa, mfano 152d:0578, nawe unaongeza `usb-storage.quirks=152d:0578:u` kwenye `/boot/firmware/cmdline.txt`. Faili hilo ni mstari mmoja tu. Ukibonyeza Enter katikati, Pi haiwaki. Anza na waya, kwa sababu kubadilisha quirks wakati tatizo ni volti kunapoteza siku nzima.

Wiki ya 2: umeme

Viyupiesi vidogo vya ruta vinavyouzwa mjini havikufaa. Tundu lao la 5V ni la ampea 2 na betri ndani ni seli chache. Ruta peke yake vinaibeba vizuri. Diski ikianza kuzunguka, volti zinaanguka.

Mpangilio uliobaki: saplai ya 13.8V inachaji betri na kulisha mzigo kwa pamoja. Kutoka betri unakwenda kwenye kikata-betri, kisha kishusha volti cha Pi, na cha pili cha ruta kinachoweza kushusha na kupandisha, kwa kuwa betri huanzia 13.8 na kuishia 11 na kitu wakati ruta inataka 12. Fyuzi ya ampea 5 iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Rekebisha kishusha volti kwa multimita kabla Pi haijaunganishwa: 5.1V. Ile skrubu ndogo ukiizungusha kinyume inapita volti 6 bila kukuambia, na Pi haina msamaha.

Hesabu ya muda: 12 × 7 ni Wh 84. Betri ya risasi usiimalize, chukua nusu, Wh 42. Toa kinachopotea kwenye kishusha volti, na toa tena kwa sababu ile 7Ah imepimwa kwa kutoa umeme polepole kwa saa 20. Mzigo wa wati 10 (Pi, diski na ruta) unabaki na kama saa 3. Kwenye Luku, wati 10 usiku na mchana ni uniti 7.2 kwa siku 30. Weka 9 ukihesabu hasara ya kuchaji. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, iziweke kwenye hesabu.

Kikata-betri ndicho kilichosumbua. Mwanzoni kiliwekwa kukata kwa 11.5V na kurudisha kwa 12.0V. Betri ya risasi ikiondolewa mzigo hupumua: dakika mbili baadaye inasoma 12.1 ingawa haina kitu. Kikata-betri kinarudisha, Pi inaanza kuwaka, volti zinaanguka, kinakata. Mzunguko huo unaweza kujirudia mara kumi na kadhaa usiku mmoja, na kila mara ni kadi ya kumbukumbu inayokatiwa umeme katikati ya kuwaka. Dawa: kirudishe kwa 13.0V. Betri iliyopumzika haifiki hapo, isipokuwa saplai imeanza kuchaji, maana yake umeme umerudi kweli.

Kisha swali la kuzima. Kawaida watu huandika skripti ya `shutdown` betri ikipungua. Hapa ni mtego. Pi ikishajizima huku betri bado inaipa 5V, umeme ukirudi kabla ya kikata-betri kukata, hakuna kitakachoiamsha. Itakaa imelala hadi mtu achomoe waya. Kwa hiyo seva hii haijizimi kabisa. Umeme ukikatika inasimamisha kazi, inashusha diski, inabaki macho. Betri ikiisha inakatwa tu. Kilichobaki kuandikwa ni kadi, na hiyo ni kazi ya wiki ya 3.

Pi inajuaje umeme umekatika? Chaja ya simu ya zamani imechomekwa moja kwa moja ukutani, nje ya betri. 5V yake inapita rizista ya kiloomu 1 kwenda mguu wa 1 wa PC817 (wenye kidoti), na mguu wa 2 unarudi hasi ya chaja. Upande wa pili, mguu wa 4 unakwenda pini ya 11 ya Pi (GPIO17), mguu wa 3 pini ya 9. Umeme ukiwepo, pini iko chini, ukikatika inapanda. Kwenye gpiozero ni `Button(17)`, na `is_pressed` maana yake umeme upo. Skripti husubiri dakika 10, kwa kuwa kukatika kwingi ni kwa dakika chache, halafu inasimamisha programu za nakala (restic, Syncthing na rest-server, za wiki ya 4) na kushusha diski:

`systemctl stop restic-usiku.service syncthing@akiba rest-server`
`umount /mnt/akiba && hdparm -y /dev/sda`

Ukirudi, inangoja dakika 5 bila kukatika tena ndipo iipandishe diski.

Wiki ya 3: kadi isiyoandikwa

Kwenye `raspi-config` kuna Overlay File System: kadi inasomwa tu, kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye RAM na kufutika Pi ikizimwa. Ndicho kinachoiokoa kadi. Lakini kina mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza ni baya.

Mpangilio wake wa kawaida hufunika pia diski zote zilizo kwenye `/etc/fstab`. Diski inaonekana imepanda, faili zinaingia, hakuna kosa lolote, na kumbe zote ziko kwenye RAM. Ukiwasha upya hakuna kitu. Kwenye `cmdline.txt` badilisha `overlayroot=tmpfs` iwe `overlayroot=tmpfs:recurse=0`, kisha hakikisha kwa `findmnt /mnt/akiba`: safu ya aina iseme ext4. Ikisema overlay, usiendelee.

La pili ni saa. Pi 4 haina saa ya betri. Hukumbuka saa kwa kuiandika kwenye kadi, na sasa kadi haiandikwi. Ikiwaka kabla intaneti haijarudi itadhani ni siku ya wiki ya 3 milele. Ndiyo kazi ya DS3231: pini 1, 3, 5 na 6, na `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`. Iunganishe kwa 3.3V, si 5V. Moduli nyingi zina njia ya kuchaji, na kwa 5V zitajaribu kuchaji betri ya CR2032 ambayo haichajiki.

La tatu: hifadhidata ya Syncthing na kashe ya restic zihamishiwe kwenye diski, vinginevyo kila ikiwaka zinajengwa upya.

Kinga ya ziada: kabla diski haijapandishwa, na overlay ikiwa bado imezimwa, `chattr +i /mnt/akiba`. Siku diski isipopanda, programu itagoma kuandika badala ya kujaza RAM.

Wiki ya 4: programu

Simu zinatumia Syncthing, inayofanya folda ya simu na ya seva zifanane. Programu yake rasmi ya Android iliachwa Desemba 2024, inayotumika ni Syncthing-Fork. Upande wa seva folda ni ya kupokea tu. Zima Global Discovery na Relaying (njia zake za kutafutana na kupitisha data kwa intaneti), na kwenye simu ruhusu Wi-Fi ya nyumbani peke yake. Bila hivyo simu ikiwa Nzuguni stendi itatafuta njia ya kurudi Kisasa kwa bando lako. Na Syncthing si nakala. Ukifuta picha kwenye simu, inafutika na kwenye seva. Ndiyo maana restic, programu ya nakala inayotunza matoleo ya zamani kwenye ghala lake, huchukua nakala ya folda hizo kila usiku. Kwa kuwa ghala liko kwenye diski ileile, hii inalinda dhidi ya kidole, si dhidi ya diski kufa.

Laptopu zinatuma kwa restic kupitia rest-server (inayopokea nakala za restic kwa mtandao) yenye `--append-only`: laptopu ikishikwa na kirusi inaweza kuongeza, haiwezi kufuta. Kupunguza za zamani kunafanyika kwenye Pi yenyewe: `restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune`. Umeme ukikatwa katikati, kufuli hubaki na prune inayofuata inakataa. `restic unlock` inaondoa.

`OnCalendar=02:30` ni saa nane na nusu usiku. Kichwa kinawaza saa nane, kidole kinaandika 08:30, na nakala inaanza wakati watoto wanataka intaneti. Angalia pia `timedatectl` iseme Africa/Dar_es_Salaam.

Mara ya kwanza usitumie Wi-Fi. GB 200 kwa MB 4 kwa sekunde ni karibu saa 14. Waya kwenye ruta yenye milango ya megabiti 100 ni saa 5. Diski ikichomekwa moja kwa moja kwenye laptopu yenye USB 3, chini ya saa moja.

Mwezi wa 2: vumbi

Kiangazi cha Dodoma ni vumbi na upepo, ndiyo maana hakuna feni. Boksi lina matundu yaliyofunikwa kwa kipande cha chandarua, ambacho pia kinazuia mijusi. Wanapenda joto la kishusha volti. Liko chini, ukutani kusiko na jua. Juu ya kabati, karibu na dari la bati, `vcgencmd measure_temp` ilikuwa inapita 75 mchana. Pi huanza kujipunguza kasi ikifika 80. Betri nayo ikae mbali na joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa takriban nusu.

Jaribio la kurudisha

Laptopu tupu, nenosiri la ghala likisomwa kutoka kwenye karatasi (likipotea, hakuna wa kulifungua), `restic restore latest --target /tmp/jaribio`. Nyaraka zote zimo. Picha za kamera zimo. Picha za WhatsApp hazimo hata moja: Syncthing ilielekezwa DCIM (folda ya kamera), na tangu Android 11 WhatsApp huweka zake `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`. Folda imeongezwa kwenye simu zote nne, na jaribio litarudiwa Jumapili.

Inayofuata: diski ya pili, ianzishwe kwa `restic init --from-repo /mnt/akiba/ghala --copy-chunker-params`, ijazwe kwa `restic copy`, ipande basi kwenda kukaa Kondoa.