Siku Mvua Iliponikuta Sigiriya

Nilikuwa Sri Lanka kwa mafunzo ya umwagiliaji, na siku ya mapumziko tukapelekwa Sigiriya. Ilikuwa Desemba, msimu wa mvua upande ule.

Wengi huendea mwamba wenyewe, uliosimama kama meta 200 juu ya msitu. Huko juu mfalme Kashyapa alijenga kasri, baada ya kumwua baba yake, Dhatusena, na kutwaa kiti mwaka 477. Mimi nilivutwa na bustani zilizo chini yake. Ukiacha mabwawa ya bondeni na kupita katikati ya majabali, ardhi inaanza kupanda kwa matuta mapana, kila tuta likishikiliwa na ukuta wa mawe, hadi kwenye shina la mwamba. Nimekulia Lushoto, matuta nayajua tangu utotoni. Haya yalikuwa ya kifalme, lakini kazi ni ileile: kuuzuia mlima usishuke.

Tukiwa katikati ya matuta, mvua ikamwagika. Wenzangu wakakimbilia chini ya jabali. Nilibaki pale pale, nimelowa chapachapa, nikitazama maji yanavyoshuka tuta kwa tuta bila haraka. Nimeona mifereji ya saruji ikizolewa na mvua katika mwaka wake wa kwanza, na hapa palikuwa na kazi ya miaka zaidi ya 1,500. Nilijisikia kuwapigia saluti waashi wale, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Mvua ilipokatika, mwenzetu mmoja akaniita kutoka bondeni: "Mzee, njoo uone!" Palikuwa na bamba la mawe lenye matundu ya duara, na maji yakibubujika. Chemchemi za mfalme bado zinafanya kazi msimu wa mvua. Hakuna pampu, maji hupita kwenye mifereji iliyozikwa ardhini na kusukumwa na uzito wake yenyewe.

Kashyapa alizifaidi miaka 18 tu. Mwaka 495 ndugu yake Moggallana alirudi na jeshi kutoka India, Kashyapa akafa, na Sigiriya ikawa makao ya watawa.

Kileleni sikupanda. Ndani ya basi nilichora mteremko ule kwenye daftari, tukabishana hadi Dambulla: bila vyombo vyetu vya leo, walipimaje usawa wa maji?