Wewe Shangazi si Mteja

Wiki hii Neema ameondoka kwenda Kigoma kuanza mafunzo kwa vitendo, ofisini tumetangaziwa mkurugenzi mpya, na Baba Neema hatimaye amekubali kupimwa macho. Hata hivyo, ninapokaa kuandika, mambo hayo yote yanakaa nyuma ya maneno aliyoyasema Idi Ijumaa jioni sebuleni kwangu, kikombe cha chai kikiwa mkononi, bila nia yoyote ya kunikera.

Mnaijua kazi ya Idi. Tangu alipokifunga kibanda umiza chake, ukumbi mdogo wa kuonyeshea video, anauza filamu kwa flashi: mteja huja na flashi yake, huchagua, huwekewa, hulipa na kwenda zake. Nami Ijumaa nilikuwa nimemsomea orodha yangu ya filamu za zamani za Kiafrika ambazo, kwa maoni yangu, zinastahili kutolewa kwenye diski nzuri, zikiwa zimesafishwa picha na sauti, ili mtu aweze kuziweka kabatini kwake kama anavyoweka vitabu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Shangazi, hizo sinema, kuna mtu aliyewahi kuja kuziulizia?"

"Mimi hapa naziulizia."

"Wewe shangazi si mteja. Wewe ni ndugu."

Akacheka, nami nikacheka, na Baba Neema akacheka kutushinda sote wawili. Nikamwongezea chai. Lakini tangu siku hiyo maneno hayo yananirudia kwenye daladala, yananirudia nikikagua hati za malipo, na kila yanaporudi mimi humpa Idi jibu jipya ambalo hatalisikia. Jumamosi nilimjibu kwa ukali. Jumapili, tukiwa ibadani, nilimjibu kwa upole na hoja zilizopangika vizuri, hata sikumbuki mahubiri yalihusu nini. Hakunidharau, kwa maana Idi hana tabia hiyo. Alinitoa kwenye hesabu kwa mapenzi kabisa, na kosa la namna hiyo halina pa kulishtakia.

Wale wanaonifuata tangu zamani wanayakumbuka maboksi ya diski za filamu ambayo shemeji aliniletea kutoka Marekani pamoja na mashine ya kuchezea diski isiyobagua kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa, kwa kuwa diski nyingi za Blu-ray za huko hufungwa kwa kanda A, ilhali Afrika tumewekwa kanda B pamoja na Ulaya. Ndani ya maboksi hayo ndimo nilimoipata Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania, ya mwaka 1970, na Sambizanga ya Sarah Maldoror ya mwaka 1972, ambayo ilipigwa Kongo Brazzaville kwa sababu Angola yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Ndani yake Maria anatembea na mtoto mgongoni kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine akimtafuta mumewe Domingos. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza baada ya kusafishwa, nilisimamisha picha ili niitazame rangi ya kitambaa chake tu. Mwaka 2017 taasisi ya mwongozaji filamu wa Marekani Martin Scorsese, Shirikisho la Watengenezaji Filamu wa Afrika na UNESCO waliungana katika mradi wa kuziokoa filamu 50 za bara hili, na Soleil Ô ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba jambo hili haliwezekani. Ninachobishania ni zipi zifuate, na nani aamue.

Ya kwanza kwangu ni Al-Mummia ya Shadi Abdel Salam wa Misri, ya mwaka 1969. Inasimulia ukoo wa milimani karibu na Luxor, mwaka 1881, ambao kwa miaka mingi unaishi kwa kuuza kidogo kidogo vito vya mafarao waliofichwa pangoni, mpaka kijana Wanis anapoambiwa siri hiyo baada ya mazishi ya baba yake na kushindwa kuimeza. Inazungumza Kiarabu fasaha, inakwenda taratibu, na ndiyo filamu ndefu pekee ya kubuni aliyoiacha mtengenezaji wake alipofariki mwaka 1986. Maabara ya Bologna, Italia, ilikwisha kuikarabati mwaka 2009. Kazi ngumu imefanyika, na bado sijaikuta ndani ya boksi hata moja kati ya niliyo nayo. Niliiona mara moja tu, kwenye ukuta wa ukumbi wa chuo, na feni ilikuwa ikipiga kelele kuliko waigizaji.

Ya pili ni ile ya Haile Gerima, Mavuno: Miaka 3000, aliyoipiga Ethiopia kwa picha nyeusi na nyeupe wakati ufalme wa Haile Selassie unaporomoka. Familia moja ya wakulima inamlimia kabaila, na Kebebe, mtu ambaye wote humwita mwendawazimu kwa sababu amepokonywa ardhi na hanyamazi, ndiye mwenye akili timamu kuliko wote. Inachukua saa mbili na nusu hivi, na nakala niliyo nayo imefifia kiasi kwamba nyuso za wakulima zinamezwa na udongo. Nayo pia ilipita mikononi mwa mafundi wa Bologna.

Ya tatu ni Kaddu Beykat ya Safi Faye, ya mwaka 1975, iliyoandikwa kama barua kutoka kijiji cha wakulima wa karanga, na ambayo serikali ya Senegal iliipiga marufuku. Safi Faye alifariki Februari 2023, na Souleymane Cissé wa Mali, aliyetupa filamu ya Yeelen, akafuata Februari 2025. Kila mmoja wao alipoondoka watu walishirikishana picha kwa siku mbili tatu, wakaandika kwamba gwiji amelala, kisha wakaendelea na mambo yao. Nina wasiwasi kwamba tumezoea kuzithamini filamu hizi kwa njia ya tanzia.

Halafu kuna za kwetu, na hapa ndipo ninapopoteza utulivu. Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985, ni fupi, inahusu mwanamke anayeogopa waganga wa jadi, na imesemwa kwa Kiswahili ambacho ningependa Neema akisikie. Maangamizi, ambayo Mulvihill aliitengeneza na Martin Mhando, ndiyo filamu ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar mwaka 2001. Ningeziweka zote mbili kwenye diski moja. Filamu za kale zilizopigwa kwenye mikanda ya asetati zina ugonjwa wake: mkanda ukikaa penye joto na unyevu huanza kutoa asidi, kopo likifunguliwa chumba kizima hunuka siki, na tangu hapo kinachofanyika ni kuchelewesha tu. Mtu anayesubiri wateja waziulizie kwanza anapaswa kukumbuka kwamba siki haisubiri.

Mpaka Jumanne usiku nilikuwa bado na hasira. Nilikuwa nikipanga orodha ya vitu vya ziada ambavyo ningeviweka kwenye diski ya Gerima, mazungumzo na mwenyewe, ramani, insha ya kurasa chache, ndipo nikakumbuka jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini na kucheka peke yangu jikoni. Gerima alipomaliza filamu yake Sankofa mwaka 1993, wasambazaji wa Marekani hawakuitaka. Akakodi kumbi za sinema mwenyewe, mji kwa mji, watu wakajaa. Baadaye yeye na mkewe wakafungua duka Washington, karibu na Chuo Kikuu cha Howard, la vitabu na video. Kwa maneno mengine, huyu gwiji wangu ni mwenye duka. Idi angeelewana naye kuliko mimi. Wangekaa wakazungumzia kodi ya fremu na umeme kukatika.

Na Idi mwenyewe, je? Alipokuwa na kibanda, watu walilipa na kubanana kwenye mabenchi kutazama filamu za Hong Kong zilizosemwa kwa Kikantoni, na za Kihindi zenye nyimbo ndefu, kwa sababu tu kulikuwa na mtafsiri aliyezisimulia kwa Kiswahili, akiwapa mabaunsa majina ya mitaani na kuwatania wapenzi. Hakuna aliyewahi kuja kuziulizia hizo kabla hazijaletwa. Zililetwa kwanza, wateja wakafuata. Jibu hili ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu Ijumaa, na lilikuwa kwenye benchi lake mwenyewe. Katika diski zote nilizo nazo hakuna hata moja yenye maandishi ya tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, na huenda nimekuwa nikiomba kitu kidogo mno nilipoomba maandishi. Hebu mtazame Kebebe anapomkaripia kabaila, akisimuliwa na mtafsiri wa kibanda aliyepandisha sauti! Ukumbi ungesimama. Kwa Al-Mummia nina shaka zaidi, maana sehemu kubwa ni watu waliovaa nguo nyeusi wakitembea kwenye upepo, na mtafsiri wetu hawezi kukaa kimya dakika nzima bila kutangaza salamu za fundi cherehani wa jirani.

Kwa hiyo nimebadili orodha. Gerima amepanda juu, Al-Mummia imekuwa ya pili, na Arusi ya Mariamu, ambayo haihitaji mtafsiri wala maandishi kwa mtazamaji wa hapa, nimeiondoa kwenye foleni na kuiandika pembeni kwa wino mwekundu. Nimempigia Idi jana kumweleza kuhusu duka la Washington. Aliuliza swali moja tu, kama lile duka bado linauza DVD au limehamia kwenye flashi, kisha mteja akaingia, akaniambia atanipigia. Safari hii maneno yake hayakunichoma. Tulikuwa tunazungumzia biashara.

Ningeendelea na filamu za Youssef Chahine, ila fundi amepita jioni hii kuangalia ule ufa wa ukuta wa jikoni, upande ambao jirani anapandisha ghorofa. Anasema umeongezeka upana tangu mwezi uliopita, na ameniuliza kama tulipewa taarifa yoyote ya kimaandishi kabla hawajaanza kuchimba msingi. Baba Neema anadhani tulipewa. Nimepekua droo zote mbili na sijaona karatasi.